Usikisifu Kisima Siku ya Dawa

"Usikisifu kisima siku ya dawa." Mmemsikia shangazi yenu akimtupia fundi neno hilo, mkaniuliza limetoka wapi. Halikutoka mbali, wajukuu zangu. Lilitoka Kiwambo, kwenye kisima nilichonywea mwenyewe.

Kiwambo palikuwa na karakana ya kusafisha vyuma vya mashine. Walivisafisha kwa kiyeyushi, maji makali yanayokata grisi, na yaliyochakaa wakayamwaga shimoni nyuma ya ukuta. Miaka ikapita, sumu ikazama hadi kwenye maji ya kisima. Watu wakaumwa vichwa. Chausiku, mke wa muuza mkaa, akaharibika ini, macho yakawa manjano kama bizari.

Mdogo wake, Nambaya, mfinyanzi wa vyungu, aliwashtaki wenye karakana wilayani mpaka wakaamriwa kusafisha. Wakaleta mabomba, wakasindilia ardhini dawa ya zambarau inayovunjavunja kiyeyushi kikaisha ukali. Wiki chache baadaye meneja, Bwana Kitundu, akapima maji, akafunga turubai, akaita ngoma.

"Kisima ni safi! Kunyweni!" alisema, na mkononi ameshika maji ya chupa.

Nambaya alisimama. "Mmepima maji, Bwana Meneja. Udongo je?"

"Mama, dawa imemaliza kila kitu."

"Imemaliza ilichokigusa. Chini hapa ni udongo wa mfinyanzi, nami ndio ninaouchimba. Chungu kilichotiwa mafuta ya taa, ukikisugua leo kinanukia sabuni. Wiki ijayo mafuta yanatoka tena. Pimeni baada ya miezi mitatu, ndipo mtuite."

"Kumbe tuna mkemia wa vyungu!"

Watu wakacheka. Kicheko cha meneja Nambaya alikitarajia. Cha majirani, na ndoo zao mikononi, ndicho kilichomchoma.

"Dada yangu hawezi hata kugeuka kitandani," akafoka, "nanyi mnampigia vigelegele aliyemlaza! Usikisifu kisima siku ya dawa!"

Tukanywa. Nami nilikunywa.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, harufu ya kiyeyushi ikarudi majini. Mpimaji wa wilaya akakuta sumu karibu kama mwanzo. Dawa ilikuwa imeisha nguvu, na kiyeyushi kilichojificha kwenye udongo wa mfinyanzi kikaendelea kuvuja polepole. Wakati huo Chausiku tulikuwa tumeshamzika.

Nambaya hakutuambia "niliwaambia". Alikwenda kuketi langoni mwa karakana, na safari hii mtaa mzima ukaketi naye, hata waliocheka, mpaka wilaya ikalifunga lango na kuwaamuru wenye karakana wasafishe upya. Dawa ikasindiliwa mara tatu zaidi, kila mara mpaka ndani ya udongo ule.

Dawa ya mwisho ilipokwisha kusindiliwa, meneja mpya akaja na turubai na wapiga ngoma. Hakuna aliyebeba ndoo. Tulimwacha amalize hotuba yake yote, kisha tukamwambia arudi kupima kila mwezi, mwaka mzima. Alipouliza kwa nini tunamdharau hivyo, tulimjibu kwa sauti moja, wake kwa waume:

"Usikisifu kisima siku ya dawa!"