Kitenge Ubavuni mwa Pikapu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni nyepesi mdomoni, hasa kwa aliyekaa kitini. Huwaambia watu kwamba anayehitaji jambo hana budi kukubali taabu ya kulitafuta, na pengine aibu yake pia. Isichosema ni kwamba mgongo wa mtu mzima haukunjwi kama mkeka, na kwamba mara nyingi kinachokataa kuinama si mgongo bali ni jina la mwenye mgongo. Chediel wa Kintinku aliijua methali hii tangu alipokuwa darasani. Kuitii kulimchukua hadi mvi zilipomjaa kichwani.

Chediel alikuwa mtu wa reli. Kwa miaka mingi alisimama kando ya njia ya treni akiwa na sare nyeupe iliyopigwa pasi, bendera ya kijani kwapani, na mabehewa yote yalisubiri mkono wake. Abiria walimwamkia kupitia madirishani. Kisha mambo yakabadilika nchini. Mashirika yakaambiwa yajitegemee, wafanyakazi wakapunguzwa, na Chediel akapunguzwa pamoja nao. Kiinua mgongo chake chote alikinunulia pikapu kuukuu ya Kijapani, maana magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi. Pikapu ile ndiyo ilikuwa kazi yake yote ya ujana ikiwa imewekewa magurudumu. Ingekufa, asingekuwa na kingine cha kuonyesha.

Aliitumia kubebea mizigo ya watu, karanga na uwele kwenda Manyoni, mbuzi kwenda mnadani. Barabara za wakati ule zilikuwa mashimo na vumbi, na gari lilihitaji kutazamwa kila mara. Kumwaga oili chafu na kutia safi, kukung'uta chujio la hewa, kukaza nati, kupaka grisi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uganga. Lakini kila sevisi ilipofika, Chediel alivaa shati safi akaliendesha gari mpaka Dodoma, kwenye gereji ya wakala aliyemuuzia.

Kule walimpokea. Huo ndio ulikuwa ukweli, na hakumwambia mtu. Walimkalisha kwenye kiti chenye mto, wakamletea soda baridi, wakamwita bosi. Tangu avue sare hakuna mahali pengine alipopokewa hivyo. Alikaa akinywa taratibu, akiwatazama mafundi kupitia kioo, jinsi walivyojilaza chini, spana waliyoanza nayo na waliyomalizia nayo. Alikwisha kuijua kazi ile kama alivyojua ratiba ya treni. Kisha alilipa, na safari ya kurudi aliifanya mfuko ukiwa mtupu, kwa sababu karibu kila alichokipata tangu sevisi iliyopita kilikuwa kimebaki Dodoma.

Mkewe, Yasinta, alikuwa amechoka. Mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa jembe, na pikapu waliyoambiwa ingewapumzisha ilikuwa ikila kuliko wao.

"Baba Deo," alimwambia asubuhi moja akifagia uwanja, "hili gari linatokwa na matone. Kila siku nafukia doa la oili kwa mchanga. Kwa nini usilale chini ukatazama?"

"Nilale wapi?"

"Si hapa hapa?"

Chediel aliinua kidevu kuelekea jikoni. Huko alikuwepo Leah, mke wa mwana wao Deo. Deo alikuwa Itigi akitafuta vibarua, na Leah alibaki nyumbani kwa wakwe. Alikuwa mkwe mwenye adabu zote za kwao. Alipiga goti kumwamkia baba mkwe, hakumtazama machoni, na alipomkuta uwanjani alizunguka nyuma ya nyumba badala ya kupita mbele yake. Na heshima ya mkwe ni njia ya kwenda na kurudi. Kama ilivyo mwiko kwake kumkaribia, ndivyo ilivyo mwiko kwa baba mkwe kuonekana na mke wa mwanawe akiwa amelala chali, miguu nje, shati limepanda tumboni.

"Mkwe anione hivyo, kesho nitapokea chakula kutoka mkononi mwake kwa uso gani?" alisema Chediel. "Nitalipeleka Dodoma."

"Utalipeleka kwa pesa gani? Ziko wapi?"

"Tukishauza karanga."

Yasinta hakubishana. Alichota mchanga, akafukia doa, akaendelea kufagia. Kuna uchovu ambao haubaki hata na maneno.

Karanga zilipokauka walipakia magunia yote, mavuno ya nyumba nzima, wakaanza safari ya Manyoni. Chediel aliendesha, Yasinta alikaa kando yake, na Leah akapanda nyuma juu ya magunia, mgongo ameuelekeza kwenye kibanda cha dereva kama adabu inavyotaka. Kabla ya kuondoka, Yasinta alikuwa ameweka kopo la oili chini ya kiti.

Walikuwa katikati ya mlima wa Saranda jua lilipoanza kuchoma sawasawa. Injini ilibadilisha sauti, ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi, na taa nyekundu ya oili ikawaka. Chediel aliegesha mahali palipokuwa tambarare kidogo, akazima gari, akaweka mawe kwenye matairi. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Kilitoka karibu kikavu. Nyuma yao, njia nzima waliyopanda ilikuwa na mstari mweusi wa matone.

Alijua mara moja. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imelegea, ama kwa mashimo ya barabara ama kwa fundi aliyekuwa na haraka. Kutia kopo la oili bila kuikaza ilikuwa ni kuimwagia barabara. Na nati hiyo iko uvunguni.

Chediel akaketi juu ya jiwe.

Lori moja lilipanda likasimama. Dereva wake alikuwa Nasri, mfanyabiashara wa Dodoma aliyemfahamu tangu enzi za reli. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe.

"Shikamoo mzee Chediel. Kuna nini?"

"Marahaba. Oili inavuja."

"Umetazama uvunguni?"

"Bado."

Nasri aliitazama kanzu yake, akatikisa kichwa. "Ningeingia mwenyewe, mzee wangu, lakini nawahi maziko Manyoni. Nikirudi jioni nitakuvuta mpaka Dodoma kwa wakala wako. Ila sitakuficha, kuvuta gari ni gharama. Itabidi unilipe kwa hizi karanga."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Haya," alisema Chediel. "Tutakusubiri."

Lori likaondoka. Yasinta alikuwa ameketi kivulini mwa gari akiwa amenyoosha miguu. Aliposikia neno lile "haya" hakulia wala kufoka. Alivua kilemba, akajifutia uso, akakishika mapajani. Chediel alimwona, na moyo ukamuuma kweli kweli. Angeweza kustahimili ugomvi. Kimya kile kilimwonyesha kwamba mkewe hakutazamia tena chochote kutoka kwake, wala kutoka kwa gari lake, wala kutoka kwa karanga alizozipalilia kwa mikono yake. Hata hivyo hakuinuka kutoka kwenye jiwe.

Leah ndiye aliyeinuka. Alishuka polepole kutoka juu ya magunia, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakibana pembe mbili kwenye mlango wa pikapu. Kikaning'inia ubavuni mwa gari kama pazia la chumbani, kikafunika kuanzia mlangoni hadi chini. Kisha akachukua mfuko wa spana nyuma ya kiti, akaketi upande huu wa kitenge, mgongo ameugeuzia gari, uso kwenye bonde.

"Baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kusemeshwa, "mimi sioni kitu. Spana zipo mkononi."

Chediel alimtazama mkewe. Yasinta alikuwa ametazama pembeni. Upepo ulikiinua kitenge kidogo, ukakirudisha. Hakukuwa na wakala wala kiti chenye mto, na jua lilikuwa linaelekea jioni ambayo Nasri angerudi. Ghafla alijihisi amechoka, si kwa safari, bali kwa kuibeba sare ile nyeupe ambayo hakuwa nayo tena.

Alizunguka nyuma ya kitenge, akatandika gunia tupu, akajilaza chali na kujisukuma ndani. Kokoto zilimchoma mgongoni. Mafuta yalimdondokea shingoni, yakiwa bado na joto. Na pale juu ya uso wake, karibu kuliko alivyowahi kuona kupitia kile kioo, ilikuwepo nati yenyewe, imeshikiliwa na uzi wake wa mwisho. Kitu kidogo kama kifundo cha kidole gumba.

"Spana kubwa," alisema.

Mkono wa Leah ulipita chini ya kitenge kinyumenyume, na spana ndani yake. Haikuingia kwenye nati.

"Inayofuata."

Ikaja inayofuata. Nati ikakazika. Hakuna kingine kilichokuwa kimehitajika kwa wiki zote zile za kufukia mchanga.

Alipotoka, shati lake lilikuwa na rangi ya barabara. Yasinta aliinuka bila kuitwa, akatoa kopo chini ya kiti, wakamimina pamoja. Gari likawaka. Taa nyekundu ikazimika. Injini haikupona kabisa. Ilibaki na kikohozi ambacho pikapu ile imeendelea kukikohoa hadi leo, lakini siku ile ilipanda Saranda ikiwa na karanga zote.

Karibu na kilele walikutana na Nasri akirudi. Alipunguza mwendo, akaona vumbi na mafuta kwenye shati la yule mzee aliyemfahamu kwa sare nyeupe. Hakucheka. Aliinua mkono na kusema shikamoo, na Chediel akaitikia marahaba kama kawaida.

Hakurudi tena kwa wakala. Siku ya sevisi hutandika mkeka mkuukuu uwanjani, na Leah huleta kitenge kile kile, ambacho doa lake la oili lilikataa sabuni zote, akakitundika ubavuni na kuketi amegeuka. Wapita njia huona miguu tu imetokeza. Mwanzoni walisita, maana nani huiamkia miguu? Sasa wamezoea, na jibu hutoka uvunguni.

Juzi Yasinta alimletea maji ya kunawa akamkuta amekaa kwenye mkeka, ameshika kiuno.

"Umechoka, baba Deo?"

"Nimechoka sana," alisema. Akaipapasa pikapu ubavuni. "Lakini bado tunayo."

Yasinta alimmiminia maji mikononi, naye akanawa polepole. Kiti chenye mto hakikumpa kitu isipokuwa soda. Gari lake alilipata chini ya gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.