Nukta Tatu na Leso ya Mama Mshai

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aende zake. Hii haisikilizwi mguu mmoja mlangoni.

Kule Wundanyi, Mama Mshai alikuwa na watoto watatu. Mghoi, mkubwa, alikuwa na sikio: lililosemwa mbele yake halikupotea. Mwakio alijua kutengeneza programu za simu. Na Wakesho? Kipawa chake kilikuwa kutotupa kitu, hata kifungo cha shati lililooza. Walimcheka sana.

Mama alipolazwa, Mghoi alimrekodi akiongea na baba kwa simu. Akaiweka sauti mtandaoni, akawatumia wadogo zake linki ya kuifungulia, ndefu ya kuchosha macho.

Waliandikiana kwenye programu ya Mwakio, ile ukiweka nyota huku na huku neno linakolea wino. Mwakio aliona linki ndefu zinachafua ukurasa, akaifunza programu ionyeshe mwanzo na mwisho tu, katikati nukta tatu. Anwani kamili ilibaki nzima chini yake, ukibonyeza, inafunguka. Hilo hakumwambia mtu.

Mama akafa. Mghoi akainakili linki kwa kalamu nyuma ya kalenda ya baba, vile alivyoiona, na nukta zake. Haukupita muda akaibiwa simu sokoni. Mwakio naye alikwisha kufuta jumbe za zamani apate nafasi.

Baba yao akaanza kudhoofika. "Uso wake nauona," akasema, "lakini sauti imenitoka. Akiniita huko niendako, nitamjuaje?" Akaweka leso ya mama magotini. "Atakayenirudishia sauti yake, leso hii ni yake."

Mghoi akaandika ile linki ya kwenye kalenda. Haikufunguka. Akarudia, akarudia, mwisho akakaa chini analia.

"Uliandika na nukta?" Mwakio akamuuliza.

"Niliandika nilichoona. Ningejuaje umeficha herufi nyingine?"

Mwakio akainama.

Wakesho akatoa simu yake, ile waliyoicheka kwa kujaa na kukwama. "Mimi sikufuta," akasema. Akautafuta ujumbe, akabonyeza palipokuwa na nukta.

"Baba Mghoi," mama akasema, "umekula?"

"Bado," mzee akajibu.

Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka, leso ameikumbatia. Akafa hivyo hivyo, hajataja jina la wa kupewa leso.

Mghoi anadai bila yeye kusingekuwa na sauti ya kutafuta. Mwakio anadai anwani ilisalimika kwa sababu programu yake iliitunza nzima, na wenzake wanamwambia ni hiyo hiyo iliyowapoteza. Wakesho anauliza, "Nyote mlikuwa nayo. Ilibaki kwa nani?"

Leso imo sandukuni. Harufu ya mama inaisha, na watatu hao hawatembeleani tena. Msiniambie ikatwe; kipande cha leso hakimfuniki mtu. Haya, wewe uliyenyamaza hapo, ungeiweka mikononi mwa nani?