Mfuniko Uliozibwa kwa Nta

Tangi lisilopumua halinyweshi injini.

Mlimsikia shangazi yenu jana akimwambia hivyo bibi harusi aliyekuwa akisukuma nyuma kila zawadi ya mawifi zake, nanyi mkacheka mkasema hiyo ni lugha ya gereji. Ni methali. Methali nazo huzaliwa, hazikushuka zote siku moja. Hii ilizaliwa barabarani, kati ya milima ya Ufipa na bonde la Rukwa, na aliyeitamka kwanza hakujua kama anatunga methali. Wekeni simu chini, mwelezwe ilivyokuwa.

Katika kijiji cha Ntumbi, kule juu penye baridi, aliishi mjane jina lake Skolastika. Marehemu mumewe, Ponsiano, alimwachia mashamba mawili, nyumba ya matofali, na gari kuukuu la porini walilolipa jina la Kongoni kwa sababu ya uso wake mrefu. Lilikuwa gari la petroli, magurudumu yote manne yanavuta, bodi lina viraka kuliko shati la mchoma mkaa. Skolastika alijifunza kuliendesha mumewe angali hai, na alipofiwa hakutafuta dereva.

Alikuwa mwanamke wa kutoa. Msiba ukitokea, gunia lake la maharage lilitangulia kufika. Mgonjwa akihitaji kufikishwa zahanati, Kongoni liliwashwa bila maswali. Lakini kupokea hakujua. Ukimpelekea mboga alikuuliza nani kakuambia kwake hakuna mboga.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Leokadia. Binti huyo alikuwa chuo cha ualimu, amebakiza mwaka mmoja, alipoacha masomo akaolewa na Luhende, mkulima wa mpunga wa huko bondeni. Skolastika alitaka cheti kwanza, ndoa baadaye. Siku mwanawe alipokuja kuaga hakupiga kelele. Alisema tu, "Nenda. Ila usiniletee kitu chochote kutoka huko."

Neno likishatoka kwa Skolastika, limetoka. Mavuno ya kwanza Leokadia alituma gunia la mchele kwa lori la wafanyabiashara, na mama yake akawaambia wasilishushe. Likarudi bondeni. Mavuno ya pili likaja jingine, limeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Nalo likarudi.

Mavuno ya tatu gunia halikuja.

Malori yalipoanza kupanda kutoka bondeni mwaka huo, Skolastika akawa na safari za dukani zisizoisha. Leo chumvi, kesho kiberiti, keshokutwa chumvi tena. Duka lilikuwa kando ya barabara kuu. Kila lori liliposimama aliyapitia magunia kwa pembe ya jicho, akitafuta uzi mwekundu. Alijiambia kwamba likija atalirudisha, maana neno ni neno. Alitaka tu lije. Nyumbani kikombe cha Leokadia kilikuwa juu ya kabati, hakinywewi, na kila Jumamosi alikifuta vumbi, akakirudisha mahali pake, mshikio ukielekea mlangoni.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mwanamke mmoja muuza dagaa aliyetoka bondeni alimwambia, katikati ya habari nyingine, kwamba mjukuu wake sasa anatembea. Skolastika hakujua kama ana mjukuu. Alinunua dagaa asiowahitaji, akarudi nyumbani, akaanza kufunga mizigo: maharage, unga wa ulezi, viazi, blanketi la mtoto.

Haraka ilikuwepo. Mvua zilikuwa zimekawia, lakini zikianza, Mto Kalumba hufurika na njia ya bondeni hufungwa mpaka mwezi wa tano. Alikuwa na siku mbili, pengine tatu.

Alijaza tangi la Kongoni pomoni. Mfuniko wake ulikuwa umepotea zamani. Ponsiano alikuwa akisokomeza kitambaa mdomoni mwa tangi, na gari likiteremka, petroli ilichuruzika ikinuka njia nzima. Skolastika hakupenda kitu kipotee. Alikata kipande cha tyubu, akafunika juu kwa bati la kopo, akazungushia waya, kisha akaziba pembeni pote kwa nta ya nyuki mpaka usingeweza kupitisha sindano. Alipomaliza akainama akanusa. Hapakuwa na harufu hata kidogo. Akaridhika.

Akamwomba Gaudensi amsindikize. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa magari, na mtu wa utani hata makaburini. Alimuuliza shemeji yake kama wanakwenda kuona mjukuu au kusikiliza kesi. Skolastika akamwambia apande.

Wakaondoka alfajiri. Kilomita kama nane, Kongoni likaanza kumisi, mlio wa injini ukikatikakatika, likakohoa mara tatu, likazima. Gaudensi akafungua boneti. Fundi mzuri hafungui kila kitu kwa pamoja. Huliuliza gari swali moja moja. Alichomoa waya wa plagi, akaona cheche inaruka vizuri. Basi si umeme. Akafungua bakuli la kabureta, akalikuta karibu kavu. Basi petroli haifiki. Akachomoa paipu ya mafuta kwenye pampu, akaiweka mdomoni, akapuliza kurudi nyuma mpaka wakasikia petroli ikibubujika ndani ya tangi. Alisema ni uchafu, akatema mate, akarudishia paipu. Kongoni likawaka kama lisilo na neno.

Kilomita kumi mbele likazima tena. Safari hii alitoa chujio, akalisafisha, ingawa uchafu aliouona usingeziba hata tundu la pua ya panya. Akapuliza tena paipu, gari likawaka. Akajisifu kuwa pumzi zake zina dawa. Skolastika hakucheka. Alikuwa akitazama kusini, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa pamoja kama watu wanaosubiri kikao.

Mara ya tatu likazimia katikati ya mteremko, kwenye kona ambayo bonde lote huonekana. Gaudensi akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akafungua pampu. Skolastika akasimama ukingoni. Chini kule aliona majaruba ya mpunga yamekauka rangi ya mkate, na mapaa ya bati yamemwagika huku na huku. Moja kati ya mapaa yale lilikuwa la mwanawe. Hakujua ni lipi. Miaka mitatu, na hakuwahi kuuliza nyumba iko upande gani wa njia. Alijaribu kukisia, akachagua paa moja lililokuwa na moshi, akalitazama mpaka macho yakauma.

Nyuma yake Gaudensi alikuwa ameweka kidole kwenye mdomo wa pampu na kuona kinavutwa sawasawa. Pampu haikuwa na kosa. Akaifunga, akaja akasimama kando ya shemeji yake, na sasa hakuwa na utani.

"Shemeji, turudi," akasema. "Tukipanda likazima, nitapuliza, tutafika nyumbani. Tukishuka likatuzimia mtoni, maji yatatukuta humo."

"Tukirudi leo, tutakuja lini?"

"Mwezi wa tano."

"Atakuwa anakimbia," Skolastika akasema.

Gaudensi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi nifungue tangi nitazame ndani."

"Tangi halina kasoro."

"Umejuaje?"

"Nimelifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana sijaligusa tangu asubuhi. Kila kilichoshikwa na fundi nimekifungua. Ulichokishika wewe nimekiogopa."

Skolastika alimkazia macho, na mtu mwingine angerudi kimya kwenye boneti. Kisha akatazama tena lile paa lenye moshi. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kisu cha kumenyea viazi, akampa.

Gaudensi alikwangua nta, akazongoa waya, akainua pembe ya tyubu kwa ncha ya kisu. Tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa sauti, muda mrefu, kama mtu aliyezama akaibuka. Na ubavu wake uliokuwa umebonyea bila wao kuona ukarudi nje kwa kishindo. Skolastika akaruka hatua nzima. Gaudensi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Ninajiita fundi," akasema alipopata sauti. "Kumbe tangu asubuhi nalipulizia tangi pumzi ya kuazima, nikidhani nazibua uchafu."

Skolastika akataka aelezwe. Gaudensi akamwambia kwamba petroli haitoki mahali na kuacha patupu. Ikitoka, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Kile kitambaa cha marehemu kilikuwa kinavujisha, ndiyo, lakini kilikuwa pia kinapitisha hewa. Sasa pampu ilikuwa inavuta huku na tangi linavuta kule, mpaka pampu ikashindwa.

"Kwa hiyo limejaa," Skolastika akasema polepole, "na injini inakufa kwa kiu."

"Limejaa pomoni, na tone halijapotea, kama ulivyotaka. Tangi lisilopumua halinyweshi injini, shemeji. Ukitaka litoe, liache lipokee."

Alitoboa bati na tyubu kwa msumari tundu dogo la kuingia hewa, akavirudisha bila nta. Kongoni halikuzima tena. Liliteremka, likavuka Mto Kalumba ambao maji yake, kwa mvua iliyokwisha kunyesha kusini, yalikuwa yamefika nusu ya gurudumu na kugeuka rangi ya udongo. Petroli ilinuka njia nzima. Gaudensi alipiga mluzi. Skolastika alishika usukani, macho kwenye mapaa ya bati.

Nyumba ya Leokadia haikuwa ile yenye moshi. Ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Leokadia alitoka akiwa na mtoto kiunoni, akasimama. Alikuwa amekonda usoni na kunenepa mikono. Akasalimia kama alivyofundishwa, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akamsalimia na baba yake mdogo. Skolastika, ambaye njia nzima ya miaka mitatu alikuwa amepanga maneno, akageukia kazi aliyoijua. Akamwambia Gaudensi afungue kamba ashushe maharage.

"Baba mdogo, acha kwanza," Leokadia akasema. Hakupandisha sauti, alikuwa mtoto wa mama yake. "Mama, mchele wangu ulirudi mara mbili. Mwaka huu sikutuma. Niliogopa ukirudi mara ya tatu, nitakoma kukungoja. Leo umekuja na gari limejaa, nami nikipokea utaondoka umetosheka. Vyako vikishuka hapa na vyangu vikiendelea kukataliwa, mimi nitakuwa nani kwako? Mfiwa wa kupelekewa maharage?"

Gaudensi aliachia kamba. Skolastika alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu kumi, yote makali na yote ya kweli. Kuhusu chuo. Kuhusu mwaka mmoja uliobaki. Akafungua mdomo, na kwa mahali alipokuwa amesimama, ile harufu ya petroli kutoka kwenye tundu la msumari ikamfikia puani.

"Umebaki?" akauliza.

"Nini?"

"Mchele. Ule uliorudi."

"Wa mwaka huu upo."

"Nipikie," Skolastika akasema. "Nina njaa."

Alikaa kwenye mkeka, akaletewa maji ya kunawa, akanawishwa na mwanawe bila kumnyang'anya birika. Alikula sahani nzima. Leokadia alisimama mlangoni akimtazama anavyotafuna, na alipoombwa aongeze, alikwenda jikoni akakaa huko kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kupakua wali. Mvua ya kwanza ilipiga bati kabla ya sahani ya pili kwisha. Maharage yalishushwa mbio mbio, Luhende na Gaudensi wakiyabeba chini ya blanketi la mtoto.

Mto ukafunga njia. Skolastika alikaa bondeni mpaka mwezi wa tano, akilala kitanda cha wengine na kula chungu cha wengine, jambo ambalo Gaudensi alisema ni muujiza wa kupeleka parokiani. Mjukuu alimkimbia wiki mbili nzima, akijificha nyuma ya sketi ya mama yake, kisha siku moja akaja mwenyewe akakaa juu ya mguu wake kama aliyekuta kigoda.

Lakini kutambaa kwa mtoto Skolastika hakuwahi kukuona, wala jino la kwanza, wala siku aliyoacha mkono wa mama akasimama peke yake. Hayo hayakurudi. Ndiyo maana kila jioni, mvua ikinyesha, alimwomba Leokadia amsimulie. Alitambaaje? Kwa magoti au kwa makalio? Alielekea wapi kwanza? Leokadia alisimulia, na kesho yake akaombwa asimulie tena, naye Skolastika alisikiliza kama anayesikia mara ya kwanza, mikono yake mitupu mapajani.

Njia ilipofunguka alirudi Ntumbi na gunia la mchele lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Hakuliweka nyuma ya gari; alilikalisha kiti cha mbele, Gaudensi akapanda bodini. Majirani walipoliona walisogea, na mmoja, mwanamke aliyewahi kurudishiwa mboga zake, akauliza kulikoni, yeye ambaye hapokei. Skolastika alimtazama, kisha akamwomba amsaidie kulishusha, kitu ambacho hakuwahi kumwomba jirani yeyote.

"Tangi lisilopumua," akamwambia wakiwa wameshika kila mmoja pembe yake, "halinyweshi injini."