Chumvi ya Nyamizi na Gobore la Mtemi

Hapo zamani, siku ya nne baada ya mtama wa kijiji cha Ibambala kuchanua, gobore la Mtemi lilikosa nguruwe kwa mara ya kumi na moja. Nguruwe aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kula.

Shamba alilokuwa akila lilikuwa la Nyamizi, muuza chumvi. Lilikuwa la kuazima, naye hakuwa na jingine.

Mtemi akatangaza: atakayelifanya gobore lipige vibuyu vitatu mfululizo atapewa shamba la bondeni, lisilokauka.

Akaja Kasanda mwindaji. Alipima baruti kwa pembe, akaisawazisha kwenye mdomo wa pembe, akaimimina ndani ya gobore, akapiga. Risasi ikapita juu ya kibuyu. Akapima kwa pembe ileile, akasawazisha vilevile. Risasi ikachimba chini.

"Kipimo ni kimoja," akasema. "Gobore limerogwa."

"Halijarogwa," akasema Nyamizi. "Pembe ya kwanza uliijaza nyumbani. Njiani ikatikisika, baruti ikashuka, ulipofika hapa ukaongeza. Ya pili umeimimina sasa hivi. Pembe moja, uzito mbalimbali."

"Wewe dada, umepiga gobore lini?"

Nyamizi akawatazama wateja wake, maana kijiji kizima kilikuwa pale. Kisha akalitazama shamba lake.

"Sijapiga. Nimepima chumvi miaka tisa. Nikiimimina kutoka juu, kibaba hujaa upesi. Nikikigonga kibaba mara tatu, chumvi hushuka, inabidi niongeze konzi. Kwa hiyo sikigongi."



"Kumbe," akasema bibi mmoja. "Nami miaka yote namlaumu mkaza mwanangu kwa mchuzi uliopooza."

Kasanda akaigonga pembe mara tatu, akaongeza baruti, akasawazisha. Luhende mhunzi akamzuia.

"Bado, mwindaji. Ukiwa na hasira unashindilia kama unatwanga, ukichoka unapapasa. Baruti haitalala sawa." Akafunga pete ya shaba kwenye ufito wa kushindilia. "Sukuma mpaka pete iguse mdomo wa gobore. Usizidishe, usipunguze."

Kasanda akapiga. Kibuyu kikavunjika. Wakagonga, wakashindilia, akapiga. Cha pili kikavunjika. Wakagonga, wakashindilia, akapiga. Cha tatu kikavunjika.

"Bonde ni langu," akasema Kasanda. "Pembe na pete hazina jicho."

"Jicho unalo tangu zamani," akasema Luhende, "na nguruwe wamenenepa."

"Mimi nimetoa siri iliyokuwa ikinilisha," akasema Nyamizi. "Kesho nani atanunua chumvi kwangu?"

"Tukizawadia wizi, shangazi, sote tutaanza kuiba," akajibu Luhende.

Msemaji wa Mtemi akasimama. "Gobore ni la Mtemi. Shabaha hutoka kwa mwenye gobore." Kwa heshima ya Mtemi watu wakapiga makofi, Kasanda na Luhende wakiwemo.

Kisha wote wanne wakabishana mpaka alasiri. Ndipo nguruwe watano wakaonekana wakishuka bondeni.

Nyamizi akaichukua pembe ya Kasanda, akaijaza, akaigonga mara tatu, akaongeza, akasawazisha. Luhende alikumbatia ufito wake, akasema hautoi mpaka haki ijulikane. Kasanda alikunja mikono. Msemaji alikalia gobore.

Jua lilipozama, nguruwe walikuwa wamemaliza matuta saba ya bondeni. Pembe mkononi mwa Nyamizi ilikuwa bado imejaa.

Ninyi mliokaa hapa, msinitazame mimi: shamba lile mngemkabidhi nani?