Bi Pimbi na Ua wa Minyaa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na umbeya wao kama sisi, Bi Pimbi alichoka kubanana na ukoo wake kule jabalini. Akahamia shamba. Akajenga kibanda kizuri kando ya jiwe moja pana, akapanda kunde na mchicha, akawaambia wanawe, "Hapa sasa tutakula kwa raha. Hakuna wa kugombania nasi."

Maskini! Aliangalia udongo, hakuangalia majirani.

Kulia kwake alikaa Bi Twiga: shingo ndefu, kope ndefu, na maneno marefu kuliko vyote. Kushoto alikaa Bwana Kiboko, ambaye tumbo lake lilitangulia kufika, mwenyewe akafuata baadaye.

Na nchi ile ilikuwa na adabu yake. Ukionekana unakula, lazima useme, "Karibu." Na anayekaribishwa, kama kalelewa, hujibu, "Starehe, nimeshakula," hata kama tumbo linanguruma kama radi. Ndivyo watu walivyoishi, na kila mtu akashiba chake.

Siku ya kwanza Bi Pimbi alipika kunde za nazi uani. Hata hajaepua, kichwa kikaning'inia juu ya sufuria.

"Shoga! Naona leo kunde. Na nazi umekamua tui zito, eh?"

"Ndiyo, shoga. Karibu," akasema Bi Pimbi, akangoja lile jibu la adabu.

"Haya, nimekaribia!" akasema Bi Twiga. Ulimi ukashuka, mreeefu, lap!

Huku nako vichaka vikavunjika, kra kra kra! "Mbona nasikia watu wanakaribishana, mimi nimesahauliwa?"

"Karibu na wewe, shemeji," akasema Bi Pimbi, jicho kwenye sufuria.

"Mimi karibu ya mtu sijawahi kuikataa," akasema Kiboko, akafyonza sufuria, fyuuu! Akaiacha nyeupe kama imesuguliwa kwa majivu.

Ikawa hivyo kila siku. Akipika asubuhi, wamo. Akipika jioni, wamo. Na wakishashiba ndipo Bi Twiga anapita barabarani kuutangaza upishi wenyewe. "Leo kwa Pimbi chumvi ilizidi. Na ile kanga yake, nimeiona kwenye kamba, ina viraka kama ramani!"

Jioni moja binti yake mdogo, Tunu, akamvuta upindo wa kanga. "Mama, leo tutakula kabla ya wageni, au leo tena hatuli?"

Bi Pimbi akamtazama. Mtoto amebaki macho na masikio. Akasema moyoni, nisipostirika, wanangu wataniishia mikononi.

Akajenga ua wa mabua ya mtama. Jua lilipozama ua upo, lilipochomoza haupo. Kiboko amekaa anajichokoa meno.

"Shemeji, umekula ua wangu!"

"Ua? Mimi nilidhani umeniwekea kiporo."

Akapanda ua wa migunga, miiba kama sindano za magunia. Huu hakuna atakayeugusa, akajisemea. Loo! Bi Twiga akauchuma majani ncha kwa ncha, anatafuna, anafumba macho.

"Shoga, umenitunza kweli. Michanga, mitamu! Lakini niulize kitu. Hivi unajificha nini? Majirani hawafichani. Au una jambo lako humo ndani?"

Bi Pimbi akamgeukia. Pua yake ndogo ikatikisika.

"Kumbe majirani hawafichani?"

"Hawafichani hata kidogo! Sisi si ndugu?"

"Basi umesema vizuri, shoga," akasema Bi Pimbi, akaweka jembe chini. Hakushika jembe tena.

Asubuhi yake alipanda juu ya jiwe lake na mkeka, na ukili wake wa kusuka. Akakaa. Anasuka, anatazama. Anasuka, anatazama.

Basi Bi Twiga akaenda dimbwini kwake kunywa maji. Nanyi mnajua Bi Twiga anavyotembea: pole pole, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume. Lakini mmewahi kumwona akinywa? Miguu ya mbele ikaachana, mmoja huku, mmoja kule, kraaa! Kichwa chini, makalio juu, kama meza iliyovunjika.

"Kwi kwi kwi kwi!"

Bi Twiga akashtuka, maji yakampanda puani. "Nani huyo?"

"Ni mimi jirani yako. Kunywa, shoga, kunywa. Wala sikutazami. Natazama miguu tu."

"Unacheka nini?"

"Aa, si kitu. Endelea."

Hakuna neno linalokera kama hilo "si kitu," wajukuu zangu. Bi Twiga akarudi ndani na kiu yake.

Bi Pimbi akageuza mkeka upande wa kushoto. Bwana Kiboko naye alikuwa anakwenda haja. Ah, nisifiche: Kiboko akienda haja, mkia wake hugeuka pangaboi, unarusha kinyesi kila upande. Pwa! Pwa! Pwa! Mpaka kwenye majani ya juu.

"Kwi kwi kwi! Shemeji, leo umefika mpaka kwenye mpapai! Jana uliishia kwenye mgomba!"

Mkia ukaganda hewani. "Wee Pimbi! Unaniangalia haja yangu?"

"Majirani hawafichani, shemeji."

Kesho yake Bi Pimbi akapeleka habari jabalini. Wakaja shangazi, wakaja wifi, wakaja mabinamu wa kila aina, wamebeba ukili. Wakajipanga juu ya jiwe kama shanga. Bi Twiga akichungulia mlangoni, wote kimya. Akiinama kunywa, wote, "Hayooo! Imeachana! Imeachana!" Mmoja anapiga vigelegele. Akinyanyuka, wote vidole kwenye ukili, kimya, kama wako msibani.

"Shoga, hii si heshima," akasema Bi Twiga, midomo imemkauka. "Hao wote ni nani?"

"Ndugu zangu hawa. Nimewasimulia habari zako, wakasema hawaamini mpaka waje waone."

"Umewasimulia nini?"

"Si kitu."

Kwa Kiboko mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila akigeuka kutafuta pa kujisitiri, shangazi mmoja anauliza kwa sauti, "Huyu ndiye wa pangaboi?" Basi anabana. Akabana, akabana, tumbo likavimba, macho yakamtoka. Hata hamu ya kunde za watu ikamwisha.

Mwishowe wawili wale wakakutana nyuma ya nyumba ya Kiboko, wakanong'ona.

"Mdogo yule ana macho machafu," akasema Bi Twiga.

"Tujenge ua," akasema Kiboko, anatoa jasho.

"Wa nini? Wa mabua?"

"Mabua nitayala mwenyewe, najijua. Wa minyaa! Ile ina utomvu, ukikuingia jichoni unalia mpaka unaita mama. Hakuna atakayeula, hakuna atakayechungulia."

"Na uwe mrefu," akasema Bi Twiga. "Unizidi pembe. Nisionekane hata nikisimama!"

Wakafanya kazi, jamani! Kiboko anachimba mashimo kwa meno, gu! gu! Bi Twiga anabeba minyaa mikubwa toka ng'ambo ya mto, anaipanga mmoja mmoja. Waliokuwa hawajawahi kuosha hata kijiko walichokula kwa Bi Pimbi, leo wamelowa jasho.

Bi Pimbi juu ya jiwe akashika kichwa, akaangua kilio. "Uwii! Shoga, unanifungia nje ya maisha yako? Nitaishije sikuoni? Niachieni basi hata kitundu, kidogo tu, hapa karibu na sufuria yangu!"

"Hata cha sindano hupati!" akafoka Bi Twiga. "Kiboko, pale karibu na sufuria yake, ongeza mistari miwili!"

"Na kule nyuma je?" akalia Bi Pimbi. "Kule nyuma naomba msizibe!"

"Ziba na nyuma!"

Ua ukazunguka pande zote, mnene, mrefu, unadondosha utomvu mweupe. Pakabaki ufa mmoja tu chini ya jiwe, unaotosha tumbo la pimbi na si tumbo jingine. Ndugu zake wakakunja mikeka, wakapita hapo mmoja mmoja, wakaenda zao jabalini wakiwa hawana mbavu kwa kucheka.

Jioni ile Bi Pimbi aliinjika kunde. Akakuna nazi nzima, akakamua tui zito. Akawapakulia wanawe, Tunu akapata sahani mbili na ukoko juu yake. Harufu ikapanda, ikavuka ua.

Upande wa pili pua zikasikika, snf, snf.

"Shoga?" Sauti ya Bi Twiga hiyo, laini kama mafuta ya nazi. "Shoga, unapika nini?"

"Kunde, shoga."

"Shemeji," akasema Kiboko, "hakuna hata mlango huku?"

"Si mlijenga wenyewe? Mimi nililia, nikaomba hata kitundu."

Kisha Bi Pimbi akafuta mikono kwenye kanga yake yenye viraka. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu hakuwahi kuiacha hata siku moja. Akasimama katikati ya ua wake, akapaza sauti ili nchi nzima imshuhudie:

"Jamani majirani, tunakula! Karibuniii!"

Nami hapo nawaachia Bi Pimbi na wanawe kunde zao, ninyi nawaachia hili: apendaye kuchungulia vya wenzake, siku akichunguliwa yeye hujifungia nje kwa mikono yake mwenyewe.