Kanga Mmoja, Wenyewe Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kucheka akachekee nje. Hadithi hii ni ya watu wenye hasira, na kila nikiisimulia hata mimi hunipanda.

Katika kijiji cha Nambungo walikuwako watu watatu. Somoe alikuwa na macho: kiota asichokiona yeye, basi hakipo. Binti Mkwenda alikuwa na kuku aliyeatamia chochote, hata ungemwekea viazi. Mzee Chilumba, mwindaji, alikuwa na mikono. Akishika kitu hakimponyoki.

Mwenye shida ni Somoe. Mama yake alifuga kanga, na akitokea mgeni au nyoka, kanga wale walipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ukaja mdondo, ule ugonjwa wa kuku, wakafa wote, na mwaka uleule mama naye akafa. Somoe akabaki peke yake katika uwanja ulio kimya, na ukimya ule ulimuudhi kila kukicha.

Siku moja watu wakichoma mashamba, Somoe aliona kiota cha kanga kwenye majani, moto umebakiza hatua chache. Aliingia, akafunga mayai kumi na mawili kwenye kitenge, akatoka nyusi zimeungua. Mbio hadi kwa Binti Mkwenda.

Kuku wa Binti Mkwenda alikuwa tayari juu ya mayai yake kumi, ya siku ya kumi na mbili. Binti Mkwenda akayatoa yote, akayatupa, akaweka ya Somoe. "Usinishukuru," alisema. Msimu ule hakupata hata kifaranga mmoja wa kuku.

Mayai yakaanguliwa yote. Wiki ya pili nguchiro akaingia bandani mchana kweupe. Mzee Chilumba alisikia kuku analia, akaruka ua, akatia mkono ndani. Kumi na mmoja walikwisha kufa. Wa kumi na mbili alikuwa mdomoni mwa nguchiro. Mzee akamnyang'anya, naye akatafunwa kidole hadi mfupani. Kidole kile hakivuti upinde tena.

Kanga akakua kwa Binti Mkwenda, na ugomvi ukakua naye.

Maana desturi ya Nambungo ni hii: kinda ni mtoto wa ndege wa porini, na mwenyewe ni aliyekiona kiota. Kifaranga ni mtoto wa kuku, na mwenyewe ni mwenye kuku aliyeatamia. Na kilichotolewa kinywani mwa mnyama ni cha aliyekitoa.

"Nimefuata kinda langu," alisema Somoe.

Binti Mkwenda hakuinuka hata kwenye kigoda. "Kinda lipi? Kinda hukaa kiotani likisubiri kulishwa. Huyu amemfuata kuku wangu tangu siku ya kwanza, amechakura naye, amelala chini ya mbawa zake. Huyu ni kifaranga."

"Bila mimi angekuwa majivu."

"Na bila mimi angekuwa yai viza."

Mzee Chilumba, aliyekuja naye kudai chake, akanyoosha kidole chake kibovu. "Mnagombania jina. Mimi nilipomtoa hakuwa kinda wala kifaranga. Alikuwa kitoweo."

Kilichomchukiza Somoe zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mwenyekiti wa kitongoji, kelele zilipozidi, akatoa shauri lake: kanga achinjwe, nyama igawanywe mafungu matatu. Watatu wale wakamgeukia pamoja, kwa mara ya kwanza siku ile wakiwa kitu kimoja. Mwenyekiti akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Mpaka leo kanga yuko kwa Binti Mkwenda, kamba mguuni. Juzi nyoka aliingia uwanjani kwa Somoe, na hakuna aliyepiga kelele. Somoe alimuua kwa jembe, kisha akakaa mlangoni akilia kwa hasira, akimsikia kanga kwa mbali.

Haya, kamba nawakabidhi nyinyi. Mtamfungulia kanga aende kwa nani? Na mkishaamua, ni yupi kati yenu atakayekwenda kuwaambia wale wawili waliobaki?