Fuwele ya Mrututu

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana wenyewe wapo na bado wanabishana, walikuwako wanafunzi watatu wa kemia, mwaka wa pili chuoni, kundi moja: Sikudhani, Tekla na Ngassa. Mwalimu wao, Dokta Kiwelu, aligawa mrututu, ile dawa ya buluu wanayoijua wakulima wa kahawa, akasema, "Kila kundi likuze fuwele. Itakayozidi zote kwa ukubwa na ung'avu itakwenda kwenye maonyesho ya vyuo Dodoma. Na mtu mmoja tu ataandamana nayo."

Tekla akaanza. Fuwele kubwa hukuzwa kutoka kwenye punje, basi akazikagua punje kwa lenzi siku mbili, macho mekundu. Hii ina ufa, tupa. Hii imepinda, tupa. Ya mia mbili na tatu akaibusu! Akaifunga uzi, akaining'iniza ndani ya chupa ya maji ya mrututu.

Sikudhani akapokea. Kila asubuhi alichuja maji, akaongeza mrututu, akapima joto. Wiki saba. Likizo ilipofika, wenzake wakaenda makwao, yeye akabaki. Harusi ya dada yake aliisikiliza kwenye simu, vigelegele sikioni, macho kwenye chupa.

Na Ngassa? Ngassa alilala. Akiitwa, anajibu, "Jamani, si inajikuza yenyewe!"

Siku mbili kabla ya mashindano ya darasa, mvua kubwa ikanyesha. Ngassa alikuwa amerudi maabara kufuata kofia yake. Akakuta dari linavuja, maji yanamiminika ndani ya chupa, na fuwele, iliyokwisha kuwa kubwa kama yai la kuku, inaanza kuyeyuka pembeni. Akaiopoa, akaikausha kwa shati lake jeupe, akaikumbatia mpaka mvua ikakatika.

Siku ikafika. Dokta Kiwelu akaiinua dirishani, mwanga wa buluu ukacheza ukutani. Darasa zima likalipuka kwa shangwe. Wameshinda! Wale watatu wakarukiana shingoni.

"Haya, nani anakwenda?" Dokta akauliza.

Wakaachiana.

"Nisingeichagua mimi," alisema Tekla, "mngekuza ufa."

"Nisingeitunza mimi," alisema Sikudhani, "ingebaki punje ile ile. Harusi ya dada yangu nimeikosa, Dokta!"

Ngassa akanyoosha shati lake, lina madoa ya buluu kifua kizima. "Nisingeiopoa mimi, mngepeleka maji Dodoma."

Sikudhani alitaka kukasirika. Uvivu wa wiki saba, halafu shati! Lakini alipoyatazama yale madoa akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu alichosema Ngassa kilikuwa kweli, na cha Tekla kilikuwa kweli.

Dokta Kiwelu akakuna kichwa. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Enyi mnaonisikiliza, shikeni kalamu nyinyi. Aliyechagua, aliyetunza, aliyeokoa: je, nani alistahili kwenda?